Kesi ya Kunyimwa Mpira

Kabla ya kueleza shauri lenyewe sina budi kueleza hali ilivyokuwa, kwa kuwa mtu asiyeujua uwanja wetu hawezi kulielewa. Uwanja huo uko Tukuyu, upande wa Makandana, umechongwa ubavuni mwa kilima, na goli la juu limelizidi la chini kwa kimo cha mtu mzima aliyenyoosha mkono. Kipimo hicho nilikichukua mwenyewe kwa kamba na bomba la maji la kupimia usawa la fundi mwashi, Jumamosi moja asubuhi, mbele ya watu waliodhani nimetumwa kujenga ukuta. Tangu Julai hadi mwanzo wa Oktoba nyasi hukauka kiasi cha kuuruhusu mpira kuviringika. Miezi iliyobaki mvua huutawala uwanja, na mpira huenda yanakokwenda maji.

Ligi yetu ilikuwa na timu kumi. Ilianza Agosti na kumalizika Desemba, yaani ilianza katika nchi moja na kuishia katika nchi nyingine. Timu mbili za mwisho zilishushwa daraja. Huko chini kulikuwa na timu tatu tu, mojawapo ikivaa viatu kwa zamu, na iliyoshuka haikupanda tena, kwa sababu wachezaji wake wazuri walichukuliwa na majirani kabla matope hayajakauka kwenye soksi zao. Kushuka, kwa ufupi, kulikuwa ni kufa. Nasi mwaka uliotangulia tuliponea chupuchupu.

Ndipo nilipopewa ukocha. Mimi ni mwalimu wa historia, niliyehamishiwa Tukuyu kutoka kanda ya kati, kwenye ardhi tambarare na kavu ambako mpira ukiuweka chini utaukuta palepale. Nilisomea seminarini, kwa padri aliyetufundisha Kilatini na kandanda kwa kanuni moja: usiiguse sentensi ya pili kabla hujaimaliza ya kwanza. Kutokana na kanuni hiyo niliamini kwamba timu ikipigiana pasi fupi kwa subira, bila kuutoa mpira ovyo, mpinzani atachoka kabla yake. Msaidizi wangu alikuwa mwuza nyama wa sokoni, aliyeifundisha timu miaka tisa kabla yangu, naye hakuona sababu ya mpira kukaa mguuni muda mrefu kuliko nyama inavyokaa juu ya mzani.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," aliniambia siku ya kwanza ya mazoezi. "Lakini ligi hii ni ya kubutua. Ukiwa juu, butua. Ukiwa chini, butua zaidi."

"Na ukiwa katikati?"

"Katikati hapakai mtu, mwalimu. Katikati ni dimbwi."

Nilimweleza kwamba hiyo ilikuwa hoja ya msimu, si hoja ya kanuni. "Ndaga," alijibu, akinishukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ile ambayo watu wa hapa huitumia wanapokukatalia kwa adabu.

Watazamaji hawakutumia adabu hiyo. Nyuma ya goli la chini alikaa mama mmoja aliyeuza ndizi za kuchoma, na sauti yake ilifika goli la juu bila kupungua. Siku ya mechi yetu ya kwanza, pasi zilipofika kumi bila kuvuka nusu ya uwanja, alisimama na koleo lake mkononi. "Jamani, hawa wanalishana keki! Harusi ya nani?" Pasi zilipofika kumi na tano aliongeza: "Bado yule wa kushoto hajasalimiwa! Msalimieni mwenzenu!" Beki wetu wa kushoto akaupokea mpira huku akicheka, na akaupoteza hapohapo.

Hata hivyo Agosti ilikuwa kavu, Septemba ilikuwa kavu zaidi, na nadharia yangu ilizaa pointi. Mwisho wa Septemba ilikuja kwetu timu moja ya upande wa Suma, imesimama ndani ya lori la majani ya chai. Walikuwa wachuma chai, watu wenye mapafu na mapaja ya kupanda milima, ambao mchezo wao wote ulikuwa kuufukuza mpira popote ulipo. Tulifunga dakika ya ishirini. Baada ya hapo niliagiza timu iutunze mpira, nao waliutunza kwa uaminifu ambao sijauona darasani.

Dakika ya themanini nahodha wa wageni alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Mnatupa mpira au hamtupi?"

"Njoo uchukue," alijibu nahodha wetu, fundi cherehani.

"Nimekuja mara arobaini!"

Akakaa chini. Mwenzake wa karibu alimtazama, naye akakaa. Kwa muda usiozidi dakika moja timu nzima ya wageni ilikuwa imekaa kwenye nyasi, na kipa wao ameegemea nguzo ya goli, amenyoosha miguu kama mtu anayesubiri chai.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipaza sauti: "Fungeni!"

Nahodha wetu alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, wamekaa!"

"Naona. Fungeni!"

"Ni watu wazima, mwalimu, na wamekaa. Nitampitaje na mpira mtu aliyekaa, kana kwamba simwoni?"

Hakuna hata mmoja wao aliyefunga. Kwa dakika kumi walipigiana pasi wakiwazunguka wageni kwa uangalifu, na mmoja aliyempitia mtu karibu na miguu nilimsikia akisema "samahani, kaka." Mwuza nyama alijifunika uso kwa kofia. "Huu si mpira," alisema akiwa humohumo. "Huu ni ugeni wa sebuleni." Refa, tabibu aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, aliitazama saa yake mara nyingi, akapuliza filimbi, na baadaye akaandika ripoti ya sentensi tatu: "Wageni walikaa dakika ya themanini. Wenyeji waliendelea. Hakuna aliyeumia."

Baada ya wiki moja barua ya malalamiko iliifikia kamati ya ligi. Nakala yake ninayo. "Tulialikwa kucheza mpira," ilisema, "na tulipofika, wenyeji wakakaa na mpira wao. Mtu akialikwa chakula, kisha sahani ikazungushwa kwa wenye nyumba peke yao, hajakaribishwa, ametukanwa." Waliomba tunyang'anywe pointi tatu.

Kikao cha kuisikiliza kiliahirishwa mara tatu, kwa kuwa kila kilipopangwa kulitokea msiba, na kwetu msiba hauna mpinzani. Wakati huo mvua zilianza. Pasi zetu zikawa zinazama, tukapoteza karibu mechi zote za Novemba, na kikao kilipokaa hatimaye, Desemba, mechi zote zilikuwa zimechezwa. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha: tukiwa na pointi zile tatu tulikuwa wa nane, tumebaki; bila hizo tulikuwa wa tisa, tumeshuka.

Tulikutana katika chumba cha darasa kinachotazama uwanja. Mwenyekiti alikuwa bwana shamba mstaafu kutoka Kinyala, mtu mpole, mwenye mazoea ya kutoamini jambo la shambani mpaka alikanyage. Nilikuwa nimeandaa utetezi wa kurasa nne. Nilionesha kwamba sheria za mchezo huu hazimlazimishi mtu kumpa mpinzani mpira. Kwamba subira si hila. Kwamba aliyekaa kwa hiari yake hawezi kulalamika kuwa hakusimamishwa. Nilisoma bila haraka. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, sheria tumeielewa. Nina swali moja. Mambo hayo ya kukaa na mpira, mlifanya kwa makusudi, au mpira wenyewe uliwaangukia tu?"

"Kwa makusudi kabisa, mheshimiwa mwenyekiti. Ni mfumo."

Kando yangu mwuza nyama alifumba macho.

"Amekiri!" nahodha wa wageni aliruka. "Mmesikia wenyewe, amekiri!"

"Tulia, mwanangu," alisema mwenyekiti, kisha akanigeukia. "Unaona, mwalimu, hapo ndipo penye tatizo. Kama ni bahati ya mchezo, pointi ni zenu. Kama mnaweza kumnyima mgeni mpira kila mnapotaka, huo ni utovu wa adabu, na kamati hii haiwezi kuufuga. Lakini mimi nimeutazama mpira wilayani huku maisha yangu yote, na sijaona mtu aliyeweza. Timu zote mbili zipo nje. Twende mkatuoneshe, dakika kumi."

Nilitoka nikiwa katika hali ambayo sikuwahi kuifundisha wala kuifikiria. Nadharia yangu ikithibitika, timu inashuka. Ikianguka, timu inabaki. Ningeweza kuwaambia wachezaji wacheze vibaya, lakini sikusema, kwa sababu ingekuwa udanganyifu mbele ya kamati, na pia, nakiri, kwa sababu nilitamani kuona. Wala wao hawakuhitaji kuchochewa, maana mama wa ndizi alikuwapo chini ya mwamvuli. "Waonesheni keki, wanangu!" alipiga kelele. "Leo iwe na maziwa!"

Mvua ilikuwa ya wastani, ile ambayo hapa haihesabiwi kuwa mvua. Pasi ya kwanza iliingia kwenye dimbwi la katikati na kusimama, huku wachezaji wawili wa timu yetu wakiizunguka kwa heshima, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake. Ya pili ilimpita aliyekusudiwa na kufuata mfereji mpaka migombani. Beki wetu wa kushoto alijaribu kuurudisha mpira kwa kipa, akasahau kwamba kipa alikuwa goli la chini. Uliteremka kwa kasi ambayo yeye hakuupa, ukampita kipa, ukaingia. Nahodha wa wageni alipoona hivyo alisahau kesi yake. "Pigeni mbele, jamani!" aliwaambia wapinzani wake. "Mtaumia!" Nilihesabu kwa uangalifu: katika dakika kumi mfululizo wetu mrefu kuliko yote ulikuwa wa pasi mbili, na ya pili iligongwa na mguu wa mchuma chai. Mwishoni mwuza nyama alishindwa kujizuia. "Butua!" alinguruma. Nahodha wetu akabutua, akawa amefanya jambo la kwanza la maana siku hiyo.

Mwenyekiti alirudi darasani suruali yake imelowa mpaka magotini, akiwa na uso wa mtu aliyekanyaga akaridhika.

"Kamati imejionea," alisema. "Mchezo unaolalamikiwa hauwezi kuchezwa hapa kwa makusudi. Kwa hiyo, yaliyotokea mwezi wa tisa yalikuwa bahati tu."

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro, nami niliiona mara moja. Jaribio lililofanywa kwenye matope ya Desemba haliwezi kukanusha kilichotendeka kwenye nyasi kavu za Septemba. Masharti hayakuwa sawa. Miaka thelathini ya kusahihisha insha iliuinua mkono wangu kabla sijauamuru.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kuna jambo moja dogo la usahihi—"

Gambuti la mwuza nyama lilishuka juu ya vidole vya mguu wangu, na likabaki hapo.

"Anataka kushukuru," alisema mwuza nyama.

"Mwalimu?" aliuliza mwenyekiti.

Nilimtazama nahodha wetu, aliyesimama mlangoni akichuruzika maji, ameshika jezi yake kwa mikono miwili.

"Nashukuru," nilisema.

Malalamiko yalitupwa na pointi tatu zikabaki zetu. Tulimaliza wa nane na hatukushuka. Januari mwuza nyama alirudishiwa ukocha, nami nikawa msaidizi wake, nikiruhusiwa kufundisha pasi tangu Julai hadi mwanzo wa Oktoba.