Kifuniko Kisichofanana na cha Wifi

Fundi alikuwa na vifuniko vitatu vya pikapu vya kunionyesha, na mimi nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua mdomo. Nilitaka chochote kile, ili mradi kisifanane na cha wifi yangu.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu. Vita vilipokuja, yeye alibaki Gitega kwa bibi yao. Mume wangu na mimi tulikulia Tanzania, kila mmoja na wazazi wake, tukakutana na kuoana huko huko, kwenye kambi ya wakimbizi. Amani iliporudi tukarudi na binti mmoja mgongoni, tukaanza kulima Gashoho, mkoani Muyinga. Wifi tulimkuta ana nyumba yake Musinzira, mtaa wa Gitega, duka la vitambaa mjini, na watu wa kumwamkia kila kona. Alichokosa ni mtoto. Mungu hakumjalia, na sitaficha, siku nilipojua hilo nilipumua.

Kwa hiyo binti yetu alipofaulu kwenda sekondari, na wifi akasema, "Mumulete kwangu, masomo iko karibu," mume wangu alifurahi, mimi nikanuna. Binti aliondoka akimwita shangazi, kama tulivyozoea Tanzania. Likizo ya kwanza akarudi anasema "senge", kama watoto wa huku, na kila neno lilianza na huyo senge. Senge hapiki maharage hivi. Senge akisuka haumizi. Miaka yote ya shule nilijiona kama mtu aliyeazimisha sufuria yake nzuri, na kila akienda kuidai anaambiwa bado iko jikoni.

Alipomaliza shule alirudi nyumbani, lakini moyo wake ulikuwa haujafungua mizigo. Wakati huo tulikuwa tumenunua pikapu kuukuu ya kupeleka maharage na parachichi soko la Gitega. Mvua ikinyesha tulifunika mzigo kwa turubai, ambalo huku wanaita bashi. Mimi turubai silipendi. Nimelala chini yake utoto wangu wote, nimesikia mvua inalipiga usiku kucha, nimemwaga maji yake kwa kulisukuma na fimbo. Kuliona tena nyuma ya gari langu mwenyewe kulinikera, lakini nilivumilia.

Nilivumilia mpaka Jumapili moja wifi alipokuja kututembelea na pikapu yake yenye kifuniko kigumu. Kilikuwa cheusi, cha vipande vitatu vinavyokunjana. Majirani wakajaa uani. Mume wangu akakipapasa kama anapapasa ndama. Hayo nayo ningeyameza, lakini binti yangu ndiye aliyekuwa akiwaonyesha watu. "Tazameni, unabonyeza hapa, kinakunjwa hivi." Alikifungua na kukifunga kama chake, na wifi amesimama pembeni anatabasamu, mikono kifuani. Nilikwenda jikoni nikakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mwaka uliofuata binti akachumbiwa na kijana wa Ryansoro, upande wa Gitega. Mahari ikapita vizuri, tukaanza kukusanya ibirongoranywa, vile vitu ambavyo bibi harusi huvipeleka nyumbani kwa mumewe. Kwa desturi yetu mama haendi kumsindikiza binti, wala baba. Anayekwenda ni senge. Senge ndiye anayemfunda, ndiye anayekaa naye njiani, ndiye anayesimama mbele ya wakwe kukabidhi vitu. Mama anabaki nyumbani na vyombo vya kuosha. Desturi hiyo naijua tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuiona mbaya, mpaka iliponifikia mimi.

Kisha wifi akatuma salamu: vitu vyote vipakiwe kwenye gari lake, maana letu halina kifuniko na ni majira ya mvua.

Vitu vyote! Nilimwambia mume wangu, "Amemchukua mtoto, sasa anataka na masufuria." Akacheka, akasema mimi nina wivu hadi kwa vyuma. Kesho yake nikamburuta mpaka Gitega.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa mjini, mwenye kofia safi kuliko karakana yake. Aliizunguka pikapu yetu, akaipima kwa shubiri, akaniuliza, "Mama, we unabebaga nini?"

"Mizigo ya kawaida."

"Basi hii ya kukunja iko muzuri. Siku unabeba kitu kirefu, unakunja tu, voilà. Iko mama moja wa Musinzira alichukua ya namna hii hii, hajalalamika hata siku moja."

"Hiyo sitaki."

Mume wangu alitazama chini. Fundi akatuonyesha cha pili, cha alumini, kinachojiviringisha na kuingia kwenye sanduku lake. Kilinivutia, lakini yeye mwenyewe akakiponda: vumbi la barabara za vijijini linaingia kwenye reli zake, kinakwama nusu, si wazi si kufungwa.

Cha tatu kilikuwa kimeegeshwa ukutani. Kipande kimoja kizima, cheupe, kinang'aa, hakina hata mstari. Kinanyanyuliwa kwa nyuma kama mfuniko wa sanduku, na kina kitasa cha ufunguo. Nilikigonga kwa kidole, kikaitika kwa sauti nzito.

"Iyo iko nguvu, nakubali," fundi alisema. "Lakini kitu cha kusimama hakiingie. Kabati, apana. Na ufunguo iko moja tu, ilitoka kwa gari ingine. Usiipoteze, mama."

"Mimi sipotezi ufunguo," nikamjibu. Mume wangu akaninong'oneza kwamba cha kukunja ndicho kinachotufaa. Nilijua. Mtu mwenye macho yake angejua. Nikasema cheupe, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nageuka kukitazama kupitia kioo cha nyuma.

Asubuhi ya harusi nilipakia mwenyewe, kitu kimoja kimoja, sikutaka msaada wa mtu. Nikafunga kwa ufunguo, nikaufundika kwenye pindo la kitenge changu kama ninavyofundika funguo zote za nyumbani. Misa ilikuwa ya mapema hapo hapo Gashoho. Watu walikula, wakacheza, halafu magari yakapangwa. Wifi alikuwa amevaa imvutano, lile vazi la kujitanda la sherehe, ya rangi ya zafarani, na kwa kuwa wiki hiyo mvua haikunyesha, pikapu yake ameikunja kifuniko chote. Juu yake lilisimama kabati la vioo alilomnunulia binti, na godoro nene pembeni, vinaonekana toka barabarani. Vya kwangu vilikuwa chini ya kifuniko changu cheupe, havionekani na mtu.

Jirani mmoja, mama mzee, akaniuliza, "Na wewe mama mtu, umempa nini?"

"Viko ndani."

"Ndani wapi?"

Nikagonga kifuniko. Akasema, "Ee, sawa," kwa ile adabu ambayo watu humfanyia mtu wanayemwonea aibu.

Binti alinikumbatia haraka, akapanda gari la wifi, wakaondoka. Gari letu likafuata, linaendeshwa na dereva tuliyemkodi. Nilibaki getini na mume wangu nikipunga mkono, na vumbi likaingia mdomoni.

Alasiri nilikuwa nasuuza sahani uani simu ilipoita. Alikuwa wifi, na nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Wifi, ufunguo iko wapi?"

Nikashika pindo la kitenge. Ulikuwapo. Nikakaa juu ya beseni. Mwanangu alikuwa amefika Ryansoro, amesimama mbele ya wakwe zake, na kila kitu alichopewa na mama yake kimefungiwa. Kabati la senge lilikuwa limeshateremshwa, sikuhitaji kuambiwa.

"Waambie wavunje," mume wangu alisema, mkono kichwani.

"Apana," wifi akajibu, maana alimsikia. "Siku ya ndoa hatuvunje kitu. Wifi, bakwe wamesimama, wanangoja. Niambie tu, ndani iko nini?"

Nikawaza, sasa anataka kujua nimetoa nini apate kulinganisha. Nilitaka kukata simu. Lakini mtoto alikuwa pale.

"Sufuria sita," nikasema, kwa kununa.

"Sema kwa nguvu."

"Sufuria sita na mifuniko yake! Mabeseni mawili. Vikapu vinne vyenye mifuniko, nimesuka mwenyewe. Gunia la maharage ya shamba letu, sio ya kununua. Majembe mawili. Cherehani ya mkono. Blanketi mbili."

"Endelea."

"Na shuka mbili." Nikafuta povu mkononi kwa kitenge. "Nilizidarizi kambini, yeye hajaanza kutembea. Sikujua ataolewa wapi. Sikujua hata kama tutarudi. Nilidarizi tu."

Kisha vigelegele vikapasuka sikioni mwangu, vingi, na makofi, na sauti ya mwanamume mzee ikisema, "Mama, tumepokea! Tumepokea vyote!" Halafu binti yangu, analia: "Mama, wamekusikia wote. Senge ameinua simu juu."

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameiweka kwenye sauti kubwa, ameishika juu ya kichwa chake mbele ya ukoo mzima, mimi nikakabidhi vitu vya mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Sidhani kama kuna mama mwingine wa Gashoho aliyewahi kufanya hivyo. Nililia bila kujizuia, na mume wangu akanishika bega. Na katikati ya kulia nilimkasirikia tena wifi, kwa sababu hata kwa wema alikuwa amenitangulia.

Kelele zikapungua. Nilisikia anatembea, anajitenga na watu. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ya chini, siyo ile ya mwenye duka.

"Wifi, iko kitu moja nataka uniachilie. Njiani tulikuwa tunasimama, watu wanamuona vile amependeza, wananiuliza kama ni mtoto wangu. Nilisema ndiyo. Yeye hakusikia. Mara tatu nilisema ndiyo."

Mtu mwema angemhurumia hapo hapo, na mimi nilimhurumia, lakini haikuwa huruma iliyotangulia. Kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa, "Wapi?"

Akanitajia: "Muyinga mjini, kwa mafuta. Karuzi. Na Gitega, pale sokoni."

"Hamna neno, wifi," nikamwambia, na nilikusudia. Sasa ni dada kwangu. Anakuja, analala, tunacheka. Lakini nikipita na maharage yangu sehemu hizo tatu, huwa nawaangalia watu waliosimama barabarani, mmoja mmoja, natafuta nani kati yao aliambiwa siku ile kuwa binti yangu ana mama mwingine.