Kafi la Muzungu

Juzi mujukuu wangu Chola alinionyesha kwenye simu wazungu wakiteleza juu ya theluji, mbao ndefu miguuni. Mimi nazijua.

Nilipokuwa mutoto pale Kashikishi, kando ya ziwa, baba yangu Mulenga alisema nitaenda naye Kilwa, ng'ambo ya maji, nikipata kafi langu. Muzungu mumoja aliyekuwa anarudi kwao aliuza vyombo vyake, na mbao mbili kuukuu zilizonuka lami. Baba alizigonga, akazipinda, akachagua moja nyepesi, ya mutu anayejifunza.

“Ziko mbili,” muzungu alisema, akionyesha miguu yake.

“Bwana, mutoto ni mumoja,” baba akamujibu.

Nilifikiri viatu vinamubana. Kwenye maji mengi lilikuwa kafi bure, lakini ndani ya matete lilisukuma mutumbwi vizuri, na Kilwa nilifika.

Namuhurumia tu yule muzungu: alirudi kwenye theluji na muguu mumoja.