Mashavu ya Akinyi

Tulitoka Migori alfajiri kwenda hospitali ya Homa Bay kwa sababu mwanangu Akinyi, wa miaka sita, alikuwa anatapika na kushika tumbo. Alikuwa akiugua figo kwa miezi kadhaa. Uso ulipoanza kuvimba, mama mkwe wangu, Dani, aliita majirani: "Mwoneni! Ugali wangu umemkubali." Tukamsifu mtoto kwa kunona. Kumbe yalikuwa maji: figo zilipitisha protini kwenye mkojo, mwili ukajaa. Dawa ilishusha uvimbe, lakini dawa hiyo hupunguza kinga. Tetekuwanga iliyowawasha tu watoto wa jirani ikamwangusha wangu.

Rongo tulisimamisha gari atapike tena. Dani alikuwa amepakata sufuria ya samaki. "Ni njaa hiyo," alisema.

Homa Bay tulifika jua limepanda. Daktari alimpima, kisha akanusa hewa. "Nani amebeba samaki?"

"Mimi, daktari. Na vile umekonda, hata wewe utakula."

Alicheka, akavuta kiti. Alitueleza kwamba virusi vya tetekuwanga vimefika kwenye kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo inayosaidia kusaga chakula. Imevimba. Kila tonge linaichokoza. "Asile kwanza, mama. Tutampa maji kwa mshipa."

"Mnataka kumuua na njaa?" Dani akamaka.

"Dani," Akinyi akanong'ona, "mchuzi kidogo tu."

Dani alimtazama, akabeba sufuria, akatoka nje. Hakurudi mpaka mtoto aliposinzia.

Siku zile zilikuwa nzito, na kuna asubuhi nilizoogopa kumgusa. Hatimaye akaomba uji, na ukatulia tumboni. Kabla ya kuturuhusu, daktari alimfundisha Dani kubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba: shimo likibaki, maji yamerudi, mleteni.

Migori majirani walitupokea kwa kilio. "Uwii! Mmeturudishia mifupa!"

"Nyamazeni," Dani akasema. "Hii mifupa ndiyo yake. Yale mashavu yalikuwa ya ugonjwa."

Wewe mwenye mtoto anayeamka na macho yaliyovimba, usione haya kwamba ulimsifu. Hata sisi tulimsifu. Mpeleke tu apimwe mkojo.

Kila asubuhi Dani hubonyeza mguu ule, nami husubiri kuusoma uso wake. Leo shimo limebaki. Nilipotoka chumbani nikamkuta Dani mlangoni, amekwisha kufunga nguo za Akinyi kwenye mfuko. Safari hii hakubeba sufuria.