Mwaka Nilioambiwa Nihesabu Wanyama

Baba yangu alikuwa na ng'ombe wa kujaza maboma mawili, na sikuwahi kumsikia akiwahesabu. Kwetu Usukumani ng'ombe hahesabiwi, kama mtoto asivyohesabiwa. Ukinyoosha kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, umeyaonyesha mauti njia ya kuwafikia. Jioni baba alisimama langoni, wanaingia mbele yake, na wa mwisho akishapita anasema, "Yule mwekundu mwenye baka shingoni hayupo." Kaka zangu wanarudi porini na hawaji nyumbani bila yeye. Mpita njia akimuuliza ana ng'ombe wangapi, jibu lake lilikuwa neno moja tu. Wapo.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitoa kazini na kunivunjia jina. Wanaosema niliiba wanyama wa mji wa Shinyanga bado wako hai, na wengine wananiamkia shikamoo.

Bustani ile ya wanyama ilianzia nyuma ya jineri ya pamba. Mwenye jineri alikuwa Mhindi, mtu asiyekula nyama wala yai, na labda ndiyo maana watu walimpelekea kila mnyama aliyeumizwa na mtego. Leo swala mwenye mguu mbovu, kesho kobe kutoka Masumbwe, keshokutwa nungunungu kwenye tenga. Hakuweza kumfukuza hata mmoja. Jineri ikawa haipitiki, wapakiaji wanarukiwa na tumbili. Ndipo yeye na wenzake wakaunda chama, halmashauri ikawapa kiwanja karibu na reli, na sharti likawa kwamba kila mwaka chama kisome taarifa ya maendeleo mbele ya watu wa mji.

Haikuwa bustani ya serikali wala ya tajiri. Hakuna aliyekula faida yake, kwa sababu haikuwa na faida. Mtoto wa shule aliingia kwa mzigo wa majani mabichi, mtu mzima kwa pumba au maboga au chochote kinacholika. Mume wangu alikuwa mpakiaji wa marobota pale jineri. Homa ya mapafu ilipomchukua, yule Mhindi, ambaye sasa tulimwita Mwenyekiti, aliniita akaniuliza kama naogopa wanyama. Nikamwambia nimeishi na mama mkwe miaka sita. Akacheka, akanipa funguo.

Mimi nilifika darasa la pili nikaolewa. Lakini kazi ile niliijua kuliko wote waliokalia viti. Alfajiri nilisukuma toroli hadi machinjioni kuomba mapafu na mifupa, nikirudi nasonga ugali wa dona wa tumbili, nakata majani, nasomba maji kwa ndoo hadi utosi unakuwa kama sufuria. Swala alipokataa kula nilijua kabla ya bwana mifugo. Nungunungu alipodondosha miiba niliiokota, binti yangu akawa anagawia nywele anaposuka.

Fisi aliletwa na wachimbaji kutoka Geita. Mgodi wa Wazungu ulikuwa umefungwa kule, mashimo yamebaki wazi, na fisi jike alizalia ndani ya shimo moja. Wakamtia mwanawe kwenye gunia la mkaa, wakapanda naye basi, wakawaambia abiria ni mbwa wa mchungaji wa kanisa. Mmoja alinikabidhi gunia akasema, "Mama, tumechimba dhahabu, tumepata hii." Nilimlea kwa uji na maziwa, akawa ananifuata kama mbwa kweli. Kabla ya hapo watu waliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Fisi alipokua wakaanza kuniita Mama Mbiti. Mbiti ndiyo fisi kwa lugha yetu, na kwetu mwanamke anayezoeana na fisi haitwi hivyo kwa utani peke yake. Wanamdhania mchawi, wanatazama macho yake kama ni mekundu. Yangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa ugali wa tumbili.

Katibu wa chama alikuwa mwalimu kijana, mtu wa kuja, suruali imenyooshwa hadi unaweza kukatia nyama, kalamu tatu mfukoni. Mwaka wa kwanza alinijia siku moja kabla ya mkutano, akasimama mbali na banda la fisi ili viatu vyake visichafuke.

"Mama, wanyama wangapi?"

"Wapo."

"Najua wapo. Wangapi?"

"Wapo wote, mwalimu. Hakuna aliyelala nje."

Alicheka hadi akashika tumbo. Nilimweleza habari ya baba na ng'ombe zake, akasema hayo ni mambo ya ng'ombe, hawa ni tumbili na kobe, mauti hayana haja nao. Nikamwambia mabanda yale pale, macho anayo, ahesabu mwenyewe. Akatazama matope, akatazama viatu. Akaenda kuandika ofisini.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Sisemi sikukosea. Ningemtajia kwa rangi na kwa vilema kama baba alivyofanya, angeandika kilichopo. Lakini nilikuwa na kiburi. Nilipenda kwamba msomi mwenye kalamu tatu hawezi kupata jibu bila mimi.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa halmashauri, chai ya maziwa na sambusa za viazi. Katibu alisoma taarifa kwa Kiswahili, ila namba alizisoma kwa Kiingereza kwa heshima ya wageni. Sikuzielewa. Nilielewa kwamba akimaliza watu wanapiga makofi, nami nikapiga. Mwaka uliofuata makofi yakazidi. Wa tatu yakazidi tena, Mwenyekiti akafuta macho kwa leso. Nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu kwamba bustani yetu inaendelea. Baada ya miaka michache katibu aliacha hata kuniuliza. Akinikuta njiani ananitania, "Wapo, mama?" Namjibu, "Wapo." Anapita zake.

Kumbe kila mwaka alikuwa anachukua namba ya mwaka jana anaiongezea. Mtu akisoma taarifa ya maendeleo, wanyama watapunguaje?

Ukaja ukame. Kila aliyekuwa mtu mzima miaka ile anaukumbuka, foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, inaanzia dukani inaishia kisimani. Nikipita na toroli langu la mapafu wanawake wananisonya. Mmoja alisema ili nisikie, "Fisi wa mji anakula nyama, sisi tunakula yanga." Mapafu yale yalikuwa na minyoo, ila angejuaje? Nyasi zilikwisha. Swala wakafa mmoja baada ya mwingine, mbuni akafa amesimama ameegemea ukuta. Nilimfuata katibu shuleni kwake, mbele ya darasa lake, nikamwambia mwaka huu hawapo wote. Akanitoa nje kwa upole, akasema nisiwe na wasiwasi, tutaandika vizuri.

Wakati huo Mwenyekiti naye alikuwa si yule wa zamani. Jineri ilikuwa imeshachukuliwa na serikali, na nyumba zake za kupangisha zimechukuliwa, amebaki na duka moja na kiti cha bustani ambacho hakuna aliyekitaka.

Sasa angalieni mambo. Taarifa ile ilisomwa na bwana mmoja mkubwa wa mkoa, ikampendeza. Akaona Shinyanga ina swala kumi na wanne, akataka wanne wapelekwe kwenye maonyesho ya Sabasaba, watu waone mkoa wetu. Akaja mwenyewe na lori, na karatasi mkononi. Mwenyekiti alikuwepo, katibu alikuwepo, mimi na ndoo yangu. Swala walikuwa wawili, mmoja yule wa mguu mbovu.

Yule bwana alizunguka mabanda mara mbili. Akaniuliza kwa heshima, nasema ukweli, kwa heshima kabisa, "Mama, wewe ndiye unayekaa nao. Hebu nihesabie."

Katibu akanisogelea, mdomo karibu na sikio. Miaka yote alilicheka neno langu. Siku ile aliniomba kama mtoto anayeomba maji.

"Sema wapo, mama."

Kama ningesema, labda bwana angecheka, angesema hawa Wasukuma na mila zao, angeondoka na lori lake tupu. Mpaka leo sijui. Lakini nilimtazama katibu na jasho lake nikaelewa kila kitu kwa mara moja, yale makofi, ile leso ya Mwenyekiti. Hasira ikanipanda. Nikasema moyoni, leo watajua nani mwongo. Nikanyoosha kidole, kidole chenyewe, si ngumi kama wazee wanavyofundisha, nikapita banda kwa banda. Mmoja. Wawili. Fisi alinyanyua kichwa nilipomfikia, sikuacha. Kumi na mmoja.

Bwana akatazama karatasi. "Hapa wako thelathini na wanne. Wengine wako wapi?"

Nilimsubiri aliyewaandika aseme. Katibu akafungua mdomo. "Mheshimiwa," akasema, "funguo anashika yeye."

Hayo tu.

Nikamgeukia Mwenyekiti. Nikamwambia, "Mzee, wewe unanijua." Alikuwa anatazama ndala zake. "Mama," akasema, "hata mimi nahesabiwa siku hizi." Nilimchukia wakati ule. Baadaye nilimwelewa, ila kumwelewa mtu hakukurudishii kitu. Aliuza duka akaenda kwa ndugu zake ng'ambo bila kuniaga.

Kesho yake mgambo wakaja nyumbani wawili. Walifunua sufuria, walipindua kitanda, walichungulia hadi tundu la kuku wakitafuta ngozi. Wakakuta kikopo cha miiba ya nungunungu. Binti yangu akawaambia inadondoka yenyewe, ni ya kugawia nywele. Mmoja akasema, "Na nyama yake ilidondoka yenyewe ikaingia chunguni?" Majirani wakacheka. Walikuwa wamejaa mlangoni, wale wale ambao wanangu walicheza na watoto wao.

Kesi haikufika mahakamani, maana huwezi kushtaki mtu kwa ngozi ambazo hazipo. Walininyang'anya funguo tu. Lakini taarifa ya mwaka ule ilisomwa, na mara hii namba zilisomwa kwa Kiswahili, kila mtu aelewe. Nilisimama nje penye dirisha la ukumbi. Wanyama ishirini na watatu wamepotea mikononi mwa mlishaji. Watu wakapiga makofi, sijui walimpigia nani.

Fisi hakukubali kula kwa mkono wa mgeni. Siku ya sita walimpiga risasi, wakasema ana kichaa. Binti yangu alikuwa na mchumba kutoka upande wa Kahama, ukoo mzuri. Wakatuma mtu kusema hawaoi kwa Mama Mbiti, mla nyama za halmashauri. Akaolewa baadaye na mwanamume mwingine, mwema, lakini miaka minne alilala ameelekea ukutani akinisikia nikipumua. Bustani haikumaliza miaka miwili. Kobe ndiye aliyebaki mwisho, kisha naye hakuonekana, na nadhani huyo kweli aliliwa. Kiwanja sasa ni gereji ya baiskeli.

Mimi niliuza vitumbua, nikasomesha. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuchaguliwa sekondari, na barua yake niliishika mkononi sokoni kutwa nzima ili wote walioniita mwizi waione.

Mwaka wa sensa ya watu, zile sensa ambazo walimu ndio wanaopita nyumba kwa nyumba, nilikuwa uani napepeta mchele. Akaingia mwanamume mwenye mvi na begi la serikali, kalamu mfukoni ni moja. Nilimjua kwa namna alivyokwepa matope ya mlangoni. Yeye alinijua kabla hajanisalimu. Mjukuu akamletea kigoda. Alikaa akafungua fomu zake, akapangusa miwani muda mrefu kuliko miwani inavyotaka.

"Mama," akasema, "humu ndani waliolala jana usiku ni watu wangapi?"

"Wapo," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Aliniambia, polepole, kwamba ni sheria, kwamba yeye ametumwa tu, kwamba ile miaka alikuwa kijana na aliogopa kufukuzwa ualimu. Yote aliiambia fomu, si mimi. Nilikuwa nimemsubiri miaka mingi aseme jambo, nami nimpe jambo, na alipolisema nikaona halinitoshi.

"Andika mwenyewe," nikamwambia. "Unajua kuandika wasiokuwepo."

Aliandika, akapiga chaki juu ya mlango wetu, akaaga. Mjukuu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, na macho ya yule mtoto yanasoma haraka kuliko ya mwalimu yeyote. Akasubiri yule mwenye begi akate kona.

"Bibi," akasema huku anacheka, "ametuzidisha wawili."

Sikucheka. Niliendelea kupepeta, nikiwaza ni nani humu ndani atakayekuja kuulizwa siku moja wale wawili wameenda wapi.