Kapsuli Juu ya Uchaga wa Mama Consolata

Kilichonitoa Gitega ni wasiwasi. Kesho yake mnunuzi kutoka Bujumbura angefika Buhinyuza, kule Muyinga, kuonja kahawa ya Mama Consolata na wanawake wenzake papo hapo penye miti yao. Akiipenda, itauzwa ikiwa na jina la kilima chao kwenye boksi. Asipoipenda, itaendelea kuchanganywa na ya kila mtu na kupotea humo. Kwa Mama Consolata hilo halikuwa jambo dogo. Alikulia Tanzania, kambini, akiitwa mkimbizi, aliporudi Burundi wakamwita "wa Tanzania." Alitaka kabla hajafa aone kitu cha mikono yake kimeandikwa jina la mahali pake.

Kahawa hiyo niliichoma mimi. Niliisaga, nikaijaza kwenye kapsuli, vikombe vidogo vilivyotengenezwa kwa wanga wa mahindi badala ya plastiki. Ukishakunywa, unavitupa kwenye lundo la mbolea lenye joto navyo vinaoza. Uzuri wake ndio ubaya wake, maana kitu kinachokubali kuoza hakizuii hewa sawasawa. Kwa hiyo kapsuli nilizitia kwenye mifuko mizito ya kung'aa, nikaibana midomo kwa moto. Bila mfuko, harufu inatoka, hewa na unyevu vinaingia, na unabaki unakunywa maji ya rangi. Boksi la mifuko hiyo lilikuwa limeshatangulia kwa Mama Consolata. Mimi nilibeba mashine ndogo ya kukamua kwa mkono, ambayo haitaki umeme, inataka maji ya moto tu.

Asubuhi ya safari, nyumbani kwetu Gitega, mume wangu alinisindikiza hadi kwenye gari akitabasamu.

"Mama Zuhura, we unaenda kunywesha wakulima kahawa yao wenyewe?"

"Kwani iko ubaya gani?"

"Ubaya hakuna. Mi nacheka tu."

Nilimwacha na kicheko chake. Dereva wetu, Hamisi, alikuwa na habari zake mwenyewe: "Essence iko shida, mama. Mais tutafika tu." Tulipanga foleni ya mafuta mpaka jua likawa kali, nami nikawa nimekasirika kabla hata safari haijaanza.

Barabara ya Karusi ilinituliza kidogo. Kwenye miinuko, vijana wa baiskeli zilizosheheni ndizi walikuwa wameshikilia nyuma ya malori ili wavutwe, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Kila mara nilifumba macho. Hamisi alicheka, akasema wao hawaogopi, kwa nini niogope mimi niliyekaa kwenye kiti?

Muyinga mjini tulifika adhuhuri. Niliswali, nikala wali na maharage kwa jamaa wa mume wangu anayeshona kanzu karibu na soko, kisha nikamwacha Hamisi hapo na gari, nikapanda pikipiki kwenda Buhinyuza, mashine mapajani, vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Buhinyuza, Mama Consolata alinipokea kwa kunikumbatia kwa muda mrefu, kama ilivyo desturi, akinipapasa mabega na kuniuliza habari za kila mtu nyumbani. Nilijibu zote. Kisha nikauliza boksi liko wapi.

"Boksi? Hapana, dada yangu. Nimezihifadhi vizuri zaidi. Njoo uone."

Alinipeleka jikoni. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa matete, mweusi tii kwa masizi, uliobeba mbegu za maharage na mtama za msimu ujao. Katikati ya mbegu, kwenye ungo mpya, zilikaa kapsuli zangu. Uchi. Nyingine zilikuwa zimepinda midomo kwa joto, na zote zilikuwa na rangi ya moshi. Nilipigwa na butwaa. Nikakaa juu ya kinu.

"We Consolata! Mifuko iko wapi?"

"Nilizitoa. Mbegu ukiifungia inatoka jasho, inaota ukungu. Wewe mwenyewe ulisema vitu hivi vinaoza. Kitu kinachooza kinawekwa juu ya moshi, hakiguswi na mdudu wala unyevu. Mama yangu alitunza mbegu hivyo, hata kambini."

Nifanye nini? Kila neno lake lilikuwa na akili, na kila neno lilikuwa limeua kahawa. Nilichemsha maji, nikaichagua kapsuli iliyopinda kidogo kuliko zote, nikakamua. Nilionja. Ilikuwa kama kulamba masizi ya chungu. Mnunuzi wetu angeitema, na jina la kilima lingetemwa pamoja nayo.

Wanawake wa kikundi walikuwa wameshajaa mlangoni. Wakapokezana kikombe, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni nzuri," alisema Mama Consolata.

"Nzuri? Hii iko moshi mutupu!"

"Kwani kahawa haina ladha ya moshi?"

Hapo ndipo niliposhtuka kwelikweli, kuliko nilivyoshtushwa na uchaga. Niliwatazama mmoja mmoja. Niliuliza nani kati yao aliwahi kunywa kahawa kabla ya siku hiyo. Hakuna. Babu zao waliipanda, mama zao waliichuma, wao wanaichuma, na punje zote zinakwenda kuuzwa. Nyumbani wanakunywa chai na uji. Nami nimekula kwa kahawa ya watu hawa miaka yote, nimejengea nyumba, na sikuwahi kuuliza. Niliona aibu, nikaona na hasira, nisijue nimkasirikie nani.

Mama Consolata alinitazama usoni, akaingia chumbani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge: mfuko mmoja wa kung'aa, haujaguswa.

"Huu niliuweka kwa ajili ya wakwe wa binti yangu. Zawadi haifunguliwi na anayeitoa." Alisita. "Lakini nataka kujua."

Akaukata kwa kisu. Harufu ilitoka, ikajaa jiko zima. Nilikamua kikombe kimoja, nikampa yeye kwanza. Alikunywa kidogo, akaacha, akanywa tena. Macho yalimjaa machozi.

"Hii inatoka kwenye miti yangu? Yoo! Miaka yote hii tunawapa watu kitu hiki, na sisi hatukijui?"

Kapsuli zilizobaki tuliziacha mfukoni, tukaubana mdomo wake upya kwa kisu kilichopashwa moto, nikaomba Mungu ubanike.

Asubuhi mnunuzi alifika, mtu mnene mwenye haraka. Mama Consolata hakuficha kitu. Alimwonyesha uchaga, akamwambia kilichotokea, kisha akamkamulia ile ya wakwe. Mnunuzi alikunywa, akaomba nyingine, akakaa chini.

"Ah non, hii iko bon sana! Mama, mi nachukua yote. Mavuno yote. Jina ya kilima tunaandika."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama Consolata akasubiri vitulie.

"Yote, hapana. Gunia moja linabaki hapa."

Nilimkonyeza, nikamkanyaga mguu.

"La kazi gani?" mnunuzi aliuliza.

"La kunywa. Ukiandika jina la kilima chetu, mtu akija akatuuliza kahawa yetu ina ladha gani, tumjibu nini? Aende akaulize Bujumbura?"

Mnunuzi alimtazama, akanitazama mimi, akakubali.

Nilirudi Gitega na Hamisi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimejisifu kuwa najua kutunza harufu ya kahawa isipotee, kumbe kwa walioipanda haikuwahi kufika. Sasa nikichoma kahawa ya Buhinyuza, mfuko wa kwanza unakwenda kwa Mama Consolata, niliyemwachia ile mashine, kabla ya mnunuzi, nami namwambia kwa simu aufungue, anywe, aseme. Juzi alisema nimeiunguza. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaionja tena, nikaichoma upya.