Fimbo Iliyokaa Kitini Mwitongo

Niliondoka Musoma kwa sababu mshauri wa jinsia aliyepangwa aliugua ghafla, na Mama Balozi alipotafuta mwingine wa karibu, wa karibu nilikuwa mimi. Mama Balozi ni balozi mstaafu anayezunguka nchi hizi za maziwa akipatanisha watu, na nilishawahi kufanya naye kazi ng'ambo ya mpaka. Aliniambia kwenye simu kwamba pande mbili za nchi jirani, zilizopigana mpaka zikachoka, zimekubali kukaa siku tatu Mwitongo, kule Butiama, kumalizia makubaliano yao. Mimi nihakikishe wanawake waliomo kwenye ujumbe wanasikika kabla watu hawajasaini. Nchi yao siitaji, niliahidi. Majina yao pia nimeyabadilisha.

Nanyi ndugu zangu wa Musoma, mnaonicheka kila nikibeba begi, leo nawajibu kwa maandishi. Mimi ni mwanaume, tena mkubwa kama kabati la nguo, na siku ile nikielekea stendi mama mmoja muuza samaki pale Mwigobero aliniuliza mbele za watu kama huko niendako huwa nafundisha kusuka. Soko lote lilicheka, hata sangara walicheka. Sikiliza basi. Vita vikiisha, wanaume huketi wakagawana vyeo, silaha na mipaka. Kazi yangu ni kuinua mkono na kuuliza: na huyu anayepita hapo katikati na ndoo kichwani, mmemuuliza? Ndiyo hiyo tu. Kwa ajili ya hiyo tu nilisoma shule ya usiku miaka na miaka, mchana nabeba magunia, usiku nabeba madaftari, nikisinzia mpaka dawati likazijua ndoto zangu zote.

Bunda ndipo nilipoupokea ujumbe, ukitokea Mwanza kwa magari mawili. Jua lilikuwa kali, lingeweza kukaanga yai juu ya boneti, na sijui kama hapakuwa na mtu aliyejaribu. Tuliingia hotelini kula sato. Upande mmoja ukakaa chumba cha mbele, upande mwingine chumba cha nyuma, mchuzi ukatoka sufuria moja.

Kiongozi wa upande wa kwanza alikuwa Mzee Bahati, mrefu, mkavu, mwenye fimbo nyeusi ambayo haikutoka mkononi hata alipokuwa ananawa. Upande wa pili alikuwemo Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke pekee aliyebaki kati ya wajumbe baada ya mwenzake kukwama mpakani. Huyu sikumkuta chumba chochote. Nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda na wapishi, anakula taratibu.

Damu yangu ya ushauri ikachemka. Nikawaza, ona, safari haijaanza wameshamsukumia jikoni. Nikamnyanyua na sahani yake, nikamkalisha chumba cha mbele, meza kubwa, mahali panapoonekana. Alishukuru kwa sauti ndogo, akamega tonge moja, akarudisha mkono. Mzee Bahati naye, meza ya pili, aligeuza kiti akautazama ukuta. Nikaandika moyoni kwamba mzee huyu ana kiburi.

Tukiwa tunasubiri magari, Neema aliniambia alichotumwa. Katikati ya nchi yao kuna daraja, na darajani vijana wa Mzee Bahati wameweka kizuizi. Mwanamke anayekwenda shambani au sokoni lazima asimame akaguliwe, na wanaokagua ni wanaume. Alitaja kibanda kilichopo kando ya kizuizi, akaishia hapo, akaukunjakunja ukingo wa kitenge chake.

"Wenzangu hawakunituma mengi, kaka," alisema. "Kizuizi kile kiondoke. Nikirudi bila hilo, sijui nitawatazamaje."

Kiabakari tuliacha lami tukashika njia ya Butiama. Muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya majabali, mweupe, ungedhani mlima umefua nguo. Mimi nilikaa mbele nikimhubiria dereva juu ya mduara. Nilifundishwa kwenye semina kwamba watu wa amani wasikae kwa mistari, wakae mduara, maana mduara hauna mkubwa wala mdogo, kila mtu anamwona kila mtu. Dereva aliniuliza kama ng'ombe nao wakikaa mduara wanaachaga kupigana. Nikamwambia aangalie barabara, maana swali lilikuwa zuri.

Mwitongo tulipokelewa na Mama Wegesa, mwenye nyumba ya wageni, kwa uji wa mtama mzito ambao kijiko kinasimama chenyewe kama askari wa gwaride. Pale pana majabali makubwa, miti, na ukimya ambao mtu wa mjini anaweza kuusikia ukivuma masikioni. Nilimwaga jasho kupanga viti ukumbini. Mduara ukatoka wa kupendeza, mbalamwezi ingeona wivu. Na katika kuupanga, kwa mikono yangu mwenyewe, nikamweka Neema akabiliane uso kwa uso na Mzee Bahati.

Siku ya kwanza Neema hakusema neno. Nikasema ni uchovu. Siku ya pili ilipofika ajenda ya barabara na vizuizi, hakusema. Nikaona ni woga, basi nikamfuata na kipaza sauti, nikamwekea mdomoni mbele ya watu wote, nikamwambia kwa upole wa kanisani, "Sema dada, hapa uko salama." Alitazama magoti yake. Mzee Bahati alitazama dari. Kipaza sauti kikapiga mluzi, nikakirudisha mahali pake.

Ikabidi nilitaje daraja mimi mwenyewe. Kijana mmoja wa upande wa Mzee Bahati, anayevaa viatu vinavyong'aa kupita madirisha, akaniuliza kama mimi nimekaguliwa pale. Nikasema hapana. Akasema basi hayo ni maneno ya njiani, aliyeyaona aje ayaseme mwenyewe. Watu wake wakaitikia kwa vichwa. Mama Balozi alinivuta pembeni akaniambia kwamba kesho mchana wanasaini, wageni wana safari ndefu, na jambo lisilo na msemaji hataweza kuliingiza.

Mchana ule tulitoka kwenda kula. Njia ya kwenda jikoni kwa Mama Wegesa ni nyembamba, inapita kwenye shamba la muhogo. Neema alikuwa mbele yangu kidogo. Mzee Bahati akatokea upande wa pili anarudi. Kabla hajafika, Neema aliacha njia, akaingia katikati ya muhogo, akageuka mgongo, akainama, akatulia. Mzee naye akavuta kofia mpaka puani akapita upesi, nusura agonge mti.

Nilisimama pale kama nguzo ya umeme. Jamani, kile kitendo nakijua! Ndicho ninachokifanya mimi kwa mama mkwe wangu. Huku kwetu mkwe ni mkwe. Siku moja nilikutana naye njiani pembeni ya mtaro, na mimi na kabati langu hili nikajitupa mtaroni mzima mzima, maji yakafurika mtaa wa pili. Akitakaga kuniambia jambo, anamwambia paka mimi nikiwa ukumbini. Na mtu kama mimi, niliyelelewa hivyo, ndiye niliyewakalisha wale watu wawili ana kwa ana siku mbili, tena nikajisifu.

"Ni baba mkwe wangu," Neema aliniambia tulipokuwa tumesimama kwenye muhogo. "Nimezaliwa upande huu nikaolewa upande ule. Vita ilipoanza nilirudi kwetu na mtoto. Lakini mahari haijarudi, kaka. Mimi ni mke wa mwanawe mpaka leo."

Nikamuuliza kama angeweza kusema akiwa amegeuka mgongo. Alitikisa kichwa. Akasema kutazamana ni shida ndogo. Maneno yenyewe ya pale kibandani ni ya mwili, na mwili hautajwi mbele ya baba mkwe. Akiyasema, atakuwa amemvua mzee nguo mbele ya watu, na yeye amejivua. Asiposema, wanawake wa kwao wataendelea kuingia kile kibanda. Alisema hivyo bila kulia, na mimi ndiye niliyehitaji leso.

Jioni nilimfuata Mzee Bahati. Alikuwa ameketi juu ya jabali, anatazama ndege aina ya kwale wakikimbizana. Nilizunguka sana, nikasifu hewa, nikasifu kwale, mpaka mwenyewe akanikata.

"Umenikalisha mbele ya mkwe wangu siku mbili, mura," alisema. Neno hilo la kwetu la kumwita kijana alishalidaka kwa dereva. "Shingo yangu imekauka kwa kutazama dari. Nilidhani ni adhabu mmepanga."

Nilimwomba radhi. Kisha nikamwambia kwamba yule binti ana jambo ambalo mkutano lazima ulisikie, na yeye lazima asilisikie. Aliuliza kama ni la darajani. Nikasema ndiyo. Hakuuliza zaidi, na kwa jinsi alivyoishika ile fimbo nilijua kuna maneno yalishamfikia nusunusu, akayaacha yapite.

Akasema basi yeye atatoka nje. Nikafurahi, nikakimbia kwa Mama Balozi, na Mama Balozi akanimwagia maji ya baridi. Kwa taratibu zao, kiongozi wa ujumbe akiondoka kitini, ujumbe umejitoa. Vijana wake wataondoka nyuma yake, na yote yaliyokubaliwa yanavunjika. Nikarudi jabalini natembea kama mtu aliyebeba mlima wa Butiama mfukoni.

Mzee alisikiliza, akaigeuza fimbo mara kadhaa.

"Kwetu nikiugua," alisema, "hii inakaaga kitini kwangu na baraza linaendelea. Inasikia. Vijana wangu wanajua."

Nilipompelekea hilo, Mama Balozi aliuliza ataandikaje kwenye kumbukumbu za mkutano. Nikamwambia aandike kwamba pande zote zilikuwepo. Aliniangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasema amekaa mikutano mingi ambayo waliokuwepo walisikia kidogo kuliko hiyo fimbo.

Asubuhi ya siku ya tatu nilivunja mduara wangu kwa mikono yangu, nikaacha viti vikae vinavyotaka. Mzee Bahati alinipa fimbo mlangoni. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaipeleka kama mtoto mchanga, nikailaza kwenye kiti chake. Vijana wake waliinuka ilipoingia, wakaketi ilipoketi. Mzee mwenyewe alibaki barazani, kwenye benchi chini ya dirisha, mgongo ukutani. Dirisha lilikuwa wazi. Sikulifunga, na hakuna aliyeniambia nilifunge.

Neema alisimama akaigeukia fimbo. Aliisalimu, shikamoo baba, kisha akaiambia yote.

Maneno yake siyaandiki. Aliiambia fimbo, hakuniambia niwaambie ninyi. Nasema tu kwamba alitaja mambo kwa majina yake, polepole, kama mwalimu anayeandika ubaoni, na alipofika kwenye mtoto wa shule yake, msichana wa darasa lake mwenyewe, sauti ilikatika akaishika tena. Yule kijana wa viatu vya kung'aa aliinamisha kichwa mpaka nikadhani anajitazama humo kwenye viatu. Alipomaliza, aliketi.

Tukasubiri mzee aingie. Hakuingia. Nilitoka barazani, benchi lilikuwa tupu.

Nawaambieni ukweli, moyo wangu ulianguka ukavuka unyayo. Nilijua tumeua kila kitu. Mzee amesikia, ameaibika, ameondoka zake, na sasa vijana watainuka. Nilizunguka nyumba, nikapita migombani, nikamwona mbali kabisa getini, mgongo umenigeukia, mkono mmoja hewani. Alikuwa anatafuta mtandao. Alikuwa anapiga simu, na anayepigiwa alikuwa anasemwa kwa sauti iliyowahamisha kwale wote Mwitongo.

Aliporudi alisimama nje mpaka Neema akatolewa kwa mlango wa jikoni. Ndipo akaingia, akaichukua fimbo, akaketi. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Fimbo yangu imelemewa," alisema. "Kizuizi cha darajani, msiandike kwamba kitaondoka. Andikeni kimeondoka. Na kibanda kile kinabomolewa sasa hivi."

Mama Balozi aliuliza kama upande wake unakubali. Yule kijana ndiye aliyejibu, bila kuinua uso, kwamba unakubali.

Wakasaini kabla ya chakula. Neema alikula jikoni kwa Mama Wegesa, sahani mbili, na safari hii nilimwacha.

Mchana magari yao yalirudi kwa njia ya Kiabakari kwenda Bunda na Mwanza. Mimi nilipanda gari la kwenda Makutano, na jioni nikawa Musoma, upepo wa ziwa ukinipokea na harufu ya dagaa. Njia nzima nilikuwa nautafakari ule mduara. Semina hazikunidanganya, mduara ni mzuri. Ila nimejifunza kwamba kabla hujampa mtu kipaza sauti, uliza kwanza ni nani hapaswi kumsikia, halafu mtafutie huyo mahali pa kukaa na heshima yake. Mtu anaweza kunyamaza na woga asiwe nao. Heshima nayo inafungaga mdomo, na mlango wake unafunguliwa kwa ndani.

Siku kadhaa baadaye Neema alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za soko. Alisema wamepita darajani asubuhi ile, wanawake wengi, hakuna aliyewasimamisha, hata nguzo za kibanda hazipo. Ila bibi mmoja, alisema, alipofika katikati ya daraja alisimama mwenyewe, akaweka kikapu chini, akainua mikono akisubiri. Ikabidi wamrudie, wamshushe mikono, wambebee kikapu mpaka ng'ambo.