Sauti ya Bibi kwenye Shuka Jeupe

Buibui la bibi yangu lilinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu ya moshi wa vifuu vya nazi alivyopikia. Asubuhi moja nililitoa kwenye kigingi nyuma ya mlango wa chumba chake, nikalikunja, nikalisokomeza ndani ya mkoba wangu wa shule na kutoka nalo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliyelitaka alikuwa mtu mzima, lakini hakunishika mkono wala hakunitisha. Aliniuliza tu kama ninaweza, nami nikasema naweza. Sasa mimi ni mzee, na katika maisha yangu nimeombwa mengi na wakubwa wa kazi, na mke wangu, na watoto wangu, na mengine nimeyakataa bila sababu ya maana. Hilo moja lililostahili kukataliwa nililikubali kabla mwombaji hajafunga mdomo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikaa Takaungu, mimi na bibi, katika nyumba ya mawe ambayo upande wake mmoja ulikuwa umekwisha kuanguka, mahali ambapo alifuga kuku. Mama yangu alikuwa ameolewa mara ya pili na kuhamia Lamu, akaniacha kwa mama yake. Bibi yangu aliitwa Bi Rukia, na nje ya mji wetu jina lake lilijulikana kuliko alivyojulikana yeye mwenyewe, kwa sababu zamani alikuwa ametunga hadithi moja ya watoto, mkaguzi wa shule akaisikia, akamwomba aiandike, ikapigwa chapa katika kitabu cha darasa la tatu. Watoto wa bara ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi waliijua kwa moyo. Ilikuwa hadithi ya punda aliyechekwa na mji mzima kwa ajili ya mlio wake, hata akenda kisimani akabadilishana na jini: jini akachukua sauti, punda akapewa njuga za kuvaa mguuni. Watu wakampenda. Kisha siku moja akaona moto umeshika makuti ya nyumba ya bwana wake, na bwana amelala ndani. Punda akakimbia huku na huku kuita watu, lakini kilichotoka ni njuga tu, na majirani wakasimama milangoni wakimpigia makofi, wakisema leo punda anacheza vizuri kuliko siku zote. Nyumba ikateketea pamoja na mwenyewe. Punda alirudi kisimani kudai mlio wake, akausikia kule chini ukimcheka. Hapo ndipo hadithi ilipoishia, na bibi hakuilainisha kwa ajili ya mtoto yeyote.

Jambo ambalo kitabu hakikulisema ni kwamba mtunzi alikuwa na kigugumizi. Si kigugumizi cha kukwama neno moja likapita. Kununua chumvi dukani kulimchukua muda wa mtu kuvuta sigara nzima, macho yamefumba, mkono umeshika ukingo wa meza. Lakini hadithi haikumkwamisha. Kwetu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Msimulizi husema "Paukwa", nanyi lazima mwitikie "Pakawa", na kila baada ya kituo kuna wimbo ambao yeye huuanza nanyi mkaumaliza. Bibi akianza, "Punda wee, mlio wako u wapi?" sisi tulijibu, "Nimeubadili, nimeubadili, kwa njuga za mguuni," na kwa kujibu kwetu tulikuwa kama tumempokea mzigo kichwani. Kila jioni, akikuna nazi, alinisimulia mimi peke yangu kipande, nami niliitikia peke yangu, na sauti yake ikatoka nyororo kama ya mtu mwingine. Hata jina langu, Kassimu, ambalo herufi yake ya kwanza ilimsonga, alilitafutia njia: aliliimba kwa sauti ya wimbo wa punda. Nikiwa uwanjani nikisikia "Kaasimu wee" ikivuka paa za makuti, nilijua chakula ni tayari.

Uwanja mzima ulisikia vilevile, na hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia. Alikuwapo mvulana mmoja, Sudi, mkubwa kuliko sisi, ambaye kila bibi akiniita hukunja shingo na kusema, "Ka-ka-ka-kasuku, nenda unaitwa." Wengine hufuata. Nililia mwanzo, kisha nikapigana, kisha nikagundua dawa: niliwatangulia. Nilijifunza kumwigiza bibi yangu kuliko wao wote, anavyofumba macho, anavyoshika meza, anavyopiga goti kwa kiganja ili neno litoke. Watoto walivingirika mchangani kwa kicheko, na Sudi akanipa nafasi ya kukaa karibu naye. Hujafa hujaumbika, wazee husema, na mimi niliisikia methali hiyo kwa bibi huyohuyo, lakini mtoto aliyepata nafasi ya kukaa hasikii methali.

Basi wakaja watu wa sinema kutoka Nairobi, kutengeneza picha ya hadithi ya punda na ya maisha ya mtunzi wake, ili ionyeshwe mashuleni. Mwongozaji wao alikuwa mtu wa bara, mnene, hatoki bila kofia ya majani, nasi tukamwita Bwana Kofia. Bibi aliwapokea kwa kahawa na kaimati. Hakutaka chochote ila jambo moja, nalo ilimchukua muda mrefu kulisema: asimulie hadithi yake mwenyewe, kwa mdomo wake, na watoto wakae mbele yake. Bwana Kofia alikubali. Tulipangwa kwenye jamvi uani kwetu, watoto ishirini na zaidi, tumeogeshwa. Kisha akatoka kijana mmoja mwenye vitu vya kusikilizia masikioni, akatuambia kwamba chombo chake kinanasa kila kitu, hata kikohozi, kwa hiyo kamera ikianza kuzunguka asisikie sauti ya mtu yeyote ila bibi. Nasi tulikuwa watoto watiifu. Bibi akasema, "Paukwa."

Hakuna aliyejibu. Akatutazama. Nilimwona akingoja lile neno letu kama mtu aliyenyoosha mguu gizani akitafuta kipandio. Akasema tena, na safari hii ikakwama, na baada ya hapo kila kitu kikakwama. Walijaribu asubuhi nzima. Mara ya mwisho alipiga goti lake mpaka kijana wa vitu vya masikioni akaangalia pembeni. Mimi nilikuwa mstari wa kwanza. Nilijua kinachohitajika ni nini. Ni mimi niliyejua kuliko mtu yeyote pale, na kulisema kungenichukua pumzi moja: mwacheni, tumwitikie. Lakini Sudi alikuwa nyuma yangu, amenifinya ubavuni huku anatetemeka kwa kicheko alichokizuia, nami nilikuwa nikizuia cha kwangu.

Mchana Bwana Kofia alitukuta nyuma ya shule nikiwaonyesha wenzangu asubuhi ile ilivyokwenda. Hakukasirika. Alisimama akatazama mpaka mwisho, kisha akaniita kando.

"Wewe kijana, huyo mama huongea hivyo siku zote? Hata akitoa hadithi?"

"Ndiyo," nikasema. "Siku zote."

"Na wewe unaweza kumwigiza hivyo mbele ya kamera? Tutakufunika uso. Unatosha urefu."

Nikasema naweza. Akaniuliza buibui tutalipata wapi, nikamwambia ninajua lilipo. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Siku ya pili, bibi alipokuwa amekwenda mazikoni kwa jirani akiwa amevaa buibui lake jipya, nilichukua la zamani, tukaenda mbali na mji, kwenye minazi, na pale nikamwigiza. Niliposhika ukingo wa meza waliyoileta, wale mabwana wa mitambo waliuma ngumi zao wasicheke. Bwana Kofia alisema picha ya watoto lazima iwe na kuchekesha kidogo. Niliongeza jambo ambalo bibi hakuwahi kulifanya: nilipokwama kwenye "Paukwa", nilianguka na kapu la nazi. Jioni nililirudisha buibui kigingini. Bibi akaniimba jina kama kawaida, nikaenda kula. Ulikuwa wali wa nazi na papa mkavu, nami niliongeza sahani.

Miezi ilipita, na picha ikaletwa. Ilionyeshwa shuleni, baada ya sala ya adhuhuri, na kwa kuwa jua lilikuwa kali madirisha ya darasa kubwa yalizibwa kwa majamvi na magunia. Jenereta ilinguruma nje, na ndani tulilowa jasho tukinusa ukindu na mafuta ya mashine. Ukutani walikuwa wametundika shuka jeupe. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, mbele kabisa, na alikuwa amejifukiza udi mpaka walio nyuma walimjua amefika. Aliniita nikae chini miguuni pake. Kwanza ilikuja hadithi. Punda alikuwa punda kweli, na watoto walimshangilia, lakini mwisho ulikuwa umegeuzwa: jini alimhurumia akarudisha sauti, bwana akaamka, mji mzima ukacheza ngoma. Nilihisi goti la bibi limekuwa gumu begani mwangu. Kisha yakaja maandishi ya kusema sasa tumwone mtunzi.

Sitaeleza kicheko kile. Nitasema tu kwamba kilianza kabla sijafungua mdomo pale shukani, kwani watu walimtambua kwa mwendo. Wazazi walicheka. Walimu walicheka wakijifunika kwa leso. Kapu la nazi lilipoanguka mtoto mmoja alijikojolea. Katikati ya hayo bibi aliinama, akashika pindo la buibui alilovaa, akalitazama, kama kwamba anahakikisha bado liko mwilini mwake, kwa maana la zamani alikuwa amelitia kiraka cha kaniki kwa mkono wake, na kiraka kile kilikuwa pale ukutani, kikubwa kama mlango. Aliniwekea mkono kichwani. Haukuwa mkono wa kupiga. Ulikaa tu, kisha ukaondoka.

Majamvi yaliposhushwa, mwalimu mkuu, ambaye nadhani alitaka kuponya mambo, alimwomba Bi Rukia atusimulie mwenyewe, mubashara, na watoto wote waitikie. Bibi alisimama. Nafikiri aliamini kwamba sasa dunia itaona. Palikuwa na watoto mia pale, pumzi za watoto mia za kumbeba. Akasema, safi kabisa, bila kukwaruza, "Paukwa."

Sudi ndiye aliyeanza. "Pa-pa-pa-pa..." Na darasa zima likamfuata, pa-pa-pa kama mvua juu ya mabati, wadogo kwa wakubwa, wengine wakipiga magoti yao. Bibi hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, mwitikiaji wake wa kila jioni, aliyekuwa miguuni pake. Alingoja. Midomo yake ilikuwa imekwisha kulifanya lile neno, ananisaidia, kama unavyomfunulia mtoto mdomo ili ale. Nami nilisikia macho ya Sudi kisogoni kwangu, nikaitikia, "Pa-pa-pa-pakawa."

Alivuta buibui usoni, akatoka. Watu walimpisha, wengine bado wanafuta machozi ya kicheko. Nilibaki mpaka watu wa sinema walipomaliza kufunga vitu vyao, kwa sababu Bwana Kofia alikuwa ameniahidi kunipandisha gari lao mpaka Kilifi na kurudi. Nilipanda. Nilikaa dirishani, nikawapungia watu mkono.

Kuanzia siku ile bibi hakusimulia tena. Mkaguzi mwingine alipokuja kumwomba hadithi ya pili, alimtikisia kichwa tu. Hakunipiga, hakuninyima chakula, hakumwambia mama. Alipotaka niingie alitoka mlangoni akagonga kizingiti kwa mpini wa mbuzi ya kukunia nazi, mara mbili. Watoto walipouliza kwenu kunagongwa nini, nilisema tunatengeneza mlango. Jioni nilikaa karibu naye akikuna, nikingoja, na sikusikia ila mbuzi. Nilipomaliza sekondari nilipata ukarani kwenye mashamba ya chumvi Marereni, nikawa narudi mwisho wa mwezi. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikaa kando ya kitanda siku tatu, na siku ya tatu nikajikaza nikaanza mimi, nikasema, "Paukwa, bibi," ili aitikie yeye. Alinigeukia. Kisha akagonga ubao wa kitanda mara mbili. Alitaka maji. Nikampa.

Majuto ni mjukuu, husemwa, na mjukuu mwenyewe ni mimi. Siku hizi watoto wa mwanangu hawaketi mbele ya mtu asimulie. Wana simu, na hadithi zao hazingoji jibu la mtu. Mwaka jana mmoja wao aliniletea simu yake akicheka hata hakuweza kusimama vizuri. "Babu, mtazame huyu bibi wa zamani," akasema. Mtu ameitafuta ile picha mahali ilipokuwa, akaisambaza. Kipande cha punda wamekikata. Kilichobaki ni kile cha mtunzi. Nilitazama kiraka cha kaniki, nikatazama kapu likianguka. Mtoto aliniuliza kama kweli ndiye aliyetunga hadithi ya kitabuni. Nilimwambia huyo siye, huyo ni mimi, na bibi mwenyewe alisimulia kama maji. Akafikiri natania. Aliniomba nimsimulie basi kama yeye alivyosimulia, nikafungua mdomo, na sauti niliyoikuta humo ni ile ya shukani tu.

Bibi yangu aliishi miaka tisa baada ya siku ile. Katika miaka hiyo tisa hakuniita jina langu hata mara moja, na hakuna mtu mwingine aliyejua kuliimba.